UZI: Tumbo la mwezini, chango, na zile siku za kuchukia kila mtu. Wa Malindi na Amu (Lamu) njooni tuongee

DukaniMalindi (mwenye uzi)

Salaam nyote. Nafanya kazi duka la dawa hapa Malindi, duka lenyewe silitaji. Nimeanzisha huu uzi kwa sababu nimechoka haya mambo kuyasikia kwa kunong'onezwa. Yaani mtoto wa kiume wa darasa la tatu anatumwa na karatasi imekunjwa mara nne, ndani imeandikwa "dawa ya tumbo la wakubwa", anaiweka kaunta halafu anaangalia feni. Nani anaumwa? "Dada." Anaumwa wapi? "Sijui, amelala tu analia." Sasa hapo mi nitoe nini, ya minyoo ama ya vidonda vya tumbo? Na wakija wenyewe ni hivohivo, wanajifanya wanaangalia sabuni mpaka wanaume wote watoke, hata kama ni mzee wa watu amekuja tu kupimwa presha.

Haya, huko ndani kinachotokea ni hiki. Mfuko wa uzazi ni misuli. Ule utando wa ndani ukikaribia kutoka unatengeneza kemikali zinaitwa prostaglandini, na hizo ndo zinaiamrisha misuli ibane isukume damu. Mwenye nazo nyingi anabanwa kweli, misuli inabana mpaka mishipa ya damu inafinywa na oksijeni haifiki vizuri, ndo unasikia kiuno kinakatika na maumivu yanashuka mpaka mapajani. Nyingine zinaingia kwenye damu zinazunguka mwilini, ndo mtu anaharisha, anatapika, kichwa kinagonga, halafu nyumbani wanaanza kuuliza jana alikula viazi karai vya nani. Hakula kitu, ni hizohizo kemikali.

Sasa dawa za jamii ya ibuprofeni, ile wengi mnaita Brufen, pamoja na asidi ya mefenami na diklofenaki, kazi yao ni kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Zilizokwisha kutengenezwa haziziondoi. Ni kama kufunga mfereji, maji yaliyokwisha kumwagika sebuleni utayapiga dekio mwenyewe. Kwa hivo mtu anavumilia kutoka alfajiri mpaka laasiri, akishindwa kabisa ndo anameza kimoja, kesho anakuja kuniambia dawa zangu feki. Wallahi si feki, ni saa uliyomeza. Meza pale unapoanza kusikia dalili ya kwanza, na kama siku zako hazibadiliki badiliki anza hata siku moja kabla. Mtu mzima ibuprofeni 400 mg baada ya kula, kila masaa 8, na usipite 1200 mg kwa siku kama daktari hajakuandikia. Fanya hivo siku mbili tatu za mwanzo kisha acha. Usimeze ibuprofeni na diklofenaki pamoja eti maumivu ni makali, hizo ni jamii moja na tumbo lako ndo litalipa. Panadol unaweza kuiongeza juu kwa sababu ni jamii nyingine, lakini ikiwa peke yake kwa wengi haifui dafu.

Wenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, pumu inayoamshwa na asprini, ama mwenye mimba au anashuku anayo, hizi za jamii ya ibuprofeni usijimezee tu, ulizeni kwanza.

Karibuni, matusi sitaki.

BintiWaLangoni

Asante sana dada. Mi huwa nameza Buscopan miaka yote na sijaona tofauti, nikadhani mwili wangu umeshaizoea

DukaniMalindi

@BintiWaLangoni haujaizoea, ile inalegeza mikakamao ya matumbo zaidi, prostaglandini haizigusi. Watu wanaipenda kwa sababu kwenye boksi imeandikwa tumbo. Jaribu nilivosema hapo juu mizunguko mitatu uniambie.

BibiWaMkomani

Ndooni niwambie wanangu. Sisi tulipovunja ungo tulikuwa na somo, alitukalisha akatufundisha kujisitiri, kujitwaharisha, na tumbo likiuma hakuna kulia ovyo. Hilo ni chango, kila mwanamke ana chango lake. Chumvi hukaangwa ikafungwa kwenye kitambaa ukajikanda chini ya kitovu, na chai ya tangawizi na mdalasini, na hulba (uwatu). Ukiolewa ukizaa hulegea. Vidonge vyenu hivi vya kila siku ndivyo viwamalizavyo vizazi.

MwalimuPwani_

Bibi shikamoo, lakini hiyo ya ukizaa litalegea mi naikataa. Nafundisha sekondari hapa Malindi, binti wa kidato cha pili nimwambie nini, asubiri azae ndo afanye mtihani wa hesabu? Kuna mmoja kila mwezi lazima akose siku, akirudi hana notsi, na ni mwerevu kuliko darasa zima. Serikali iliondoa ushuru kwenye pedi 2004, mwaka 2017 sheria ikapita wasichana wa shule wapewe bure, tukapiga makofi, lakini mtoto mwenye pedi na anajikunja sakafuni bado ni mtoto aliyekosa somo. Maumivu hakuna aliyeyapigia kura

DukaniMalindi

Bibi shikamoo, na usinikasirikie mjukuu wako. Kwa kukanda uko sawa kabisa. Joto la kama digrii 40 limepimwa kwenye utafiti likaonekana linakaribia ibuprofeni yenyewe, na ukiweka vyote viwili nafuu inakuja haraka zaidi. Chumvi ya moto, chupa ya maji moto, vyote sawa, ila weka kitambaa kizito katikati, nshaona mtu ameungua ngozi ya tumbo ikatoka malengelenge. Tangawizi pia imejaribiwa, unga wake kati ya 750 mg na gramu 2 kwa siku, siku tatu nne za mwanzo, ikapunguza maumivu. Hulba pia wameijaribu. Anayemeza dawa za sukari awe mwangalifu nayo kwa sababu nayo inashusha sukari, na mwenye mimba aiache.

Na hata hiyo ya kuzaa, kwa wengine ni kweli. Maumivu yale ya kawaida yanayoanza mwaka mmoja ama miwili baada ya kuvunja ungo, mara nyingi hupungua umri ukienda ama baada ya uzazi. Lakini hilo ni jambo la kutokea lenyewe, huwezi kumuandikia mtu ndoa kama dawa. Na vidonge vya maumivu vya siku mbili tatu kwa mwezi havimalizi kizazi cha mtu.

Kitu nitakachokataa mbele ya yeyote ni vile vya kuweka ukeni, vijiti na vipira vya dawa wanavouza kwenye simu eti vinasafisha chango. Vinaunguza, vinaleta maambukizi, na maambukizi ndo yanayoziba mirija. Huko ndo kizazi kinakoharibika.

BibiWaMkomani

Hivyo vya kuweka hata sisi hatukufundishwa. Hiyo ni biashara.

Nahodha_Shela

Mi mwanamume naomba nisifukuzwe. Mke wangu tumbo halimuumi sana lakini wiki moja kabla, ya rabi, kikombe kikigonga sahani ni kesi, analia kwa sababu samaki ameungua upande mmoja, maziwa yanamuuma, anavimba miguu, halafu akishaona damu siku ya pili ananiuliza mbona nimenyamaza sana. Hii ni nini jamani na mi nifanyeje

UkaYaMnazi

@Nahodha_Shela 😂😂 kwanza niambie, ni wewe uliyemuunguza samaki ama ni yeye?

Nahodha_Shela

Ni mimi

DukaniMalindi

Kaka hukufukuzwa, kaa hapohapo. Yai likishatoka, katikati ya mzunguko, homoni zinapanda kisha zinaporomoka kabla ya damu. Kuna watu ubongo wao unahisi sana huo mporomoko, ile kemikali ya utulivu inaitwa serotonini inayumba, ndo unaona hasira, kilio, kukosa usingizi, hamu ya vitamu na vyenye chumvi, maziwa kujaa, mwili kuvimba. Alama yake kubwa ni tarehe. Dalili zinakuja wiki moja au mbili kabla, zinaondoka siku chache damu ikianza, na kuna wiki nzima katikati mtu yuko sawa kabisa. Kama mtu yuko chini mwezi mzima hiyo si ya mwezini tena, inaweza kuwa sonona na inataka kutibiwa kama sonona.

Sasa kwa nyumba yako. Hizo siku punguzeni ng'onda na achari, najua ni kumwambia mtu wa Amu asipumue lakini chumvi inashika maji mwilini. Kahawa ipungue kama usingizi haupo. Kutembea kunasaidia kweli, jioni mtembee ufukweni mpaka mchoke. Kalisiamu ina ushahidi, mwaka 1998 walijaribu 1200 mg kwa siku wakaona dalili zinapungua kuliko waliopewa vidonge bandia, na sehemu yake unaipata kwenye mtindi, simsimu, na dagaa unaowala pamoja na mifupa. Vitamini B6 wengine inawasaidia, ila usivuke 100 mg kwa siku kwa sababu ikizidi muda mrefu inaharibu neva za mikono na miguu.

MwalimuPwani_

Na kaka Nahodha ukiona amekasirika usimuulize "kwani uko karibu na siku zako?" Hilo swali hata kama jibu ni ndio, usiulize. Mwanamke anaweza kuwa na hasira ya samaki kuungua na ikawa ni hasira ya samaki tu

Nahodha_Shela

Nimelipokea mwalimu. Nilishaliuliza jana, nikalala barazani.

KimyaKimya09

Nimesoma mpaka hapa sikutaka kuandika lkn wacha niandike. Mimi si kulia kwa ajili ya samaki. Ni kama siku kumi kila mwezi natamani nisiwepo duniani, nawachukia watoto wangu halafu najichukia kwa kuwachukia, damu ikitoka ni kama mtu amefungua dirisha, najiuliza yule alikuwa nani. Mama mkwe anasema nisomewe. Nimesomewa. Alhamdulillah moyo unatulia lkn mwezi ukifika inarudi

DukaniMalindi

Dada yangu @KimyaKimya09 umefanya vizuri kuandika, na hili si jambo la kuvumilia. Hiyo hali inajulikana, ni aina kali ya dalili za kabla ya hedhi, na tangu 2013 wataalamu wa akili wa Marekani wameiweka rasmi kwenye kitabu chao cha maradhi. Inaathiri wanawake wachache tu, watu watatu mpaka nane katika mia, ndo mana ukiwaeleza watu hawaelewi. Inatibika. Kuna dawa za jamii ya fluoksetini, na kwa tatizo hili daktari anaweza kukuandikia umeze wiki mbili za mwisho wa mzunguko tu, si mwezi mzima. Kuna pia vidonge vya homoni. Endelea kusomewa, hakuna anayekukataza, na hospitali nenda pia. Ile fikra ya kutokuwepo ikija usikae nayo peke yako usiku, mwamshe mtu, na nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure, unapiga unaongea na mtu. Nimekutumia ujumbe wa ndani.

UkaYaMnazi

Mungu akupe wepesi ukhty. Mi nami swali langu lilikuwa la utani sasa naona haya, lakini niulize la kweli. Mimi sikuwa naumwa kabisa usichanani. Nimeanza kuumwa nina miaka 27, na si siku za damu tu, hata kabla na baada. Kwenda choo kubwa siku hizo nasikia kisu. Na mambo ya ndani na mume yananiuma kule ndani kabisa, namficha, nasingizia usingizi. Nilienda hospitali moja nikapigwa skani nikaambiwa uko safi mama, ni stress, nikaandikiwa vitamini. Kurudi nikalia kwenye boti kutoka Mokowe mpaka Amu, watu wakadhani nimefiwa

DukaniMalindi

Skiza @UkaYaMnazi, hii ni tofauti kabisa na yote niliyoandika juu, na wengine wote tafadhali msomeni.

Maumivu yanayoanza ukubwani, yanayokuja nje ya siku za damu, yanayouma kwenye haja kubwa au mkojo wakati wa hedhi, yanayouma ndani wakati wa tendo, hayo yanatafutiwa sababu. Inaweza kuwa endometriosisi, yaani nyama inayofanana na ule utando wa kizazi inaota nje ya kizazi, kwenye mirija, nyuma karibu na utumbo. Shirika la Afya Duniani linasema ni kama mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa, na kujulikana kwake kunachukua miaka 4 mpaka 12 kwa sababu ya haya haya ya "uko safi mama". Skani ikiwa safi haimaanishi huna, vidoa vidogo skani ya kawaida haivioni. Inaweza pia kuwa uvimbe wa kizazi, ama maambukizi ya zamani, hasa kama kuna homa ama uchafu wenye harufu.

Rudi, na safari hii omba daktari wa magonjwa ya wanawake, usikubali kuishia dirisha la kwanza. Usiseme "naumwa tumbo". Sema "inauma kwenye haja kubwa siku za hedhi, inauma kwenye tendo, ilianza nina 27". Hayo maneno matatu yanabadilisha daktari anachofikiria. Na usingoje upasuaji ndo uanze nafuu, siku hizi madaktari wanaweza kuanza kutibu kwa homoni kulingana na dalili.

Na damu je? Kama unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, ama inapita siku saba, ama mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 20, sema pia, na upimwe damu. Watu wa pwani tuna upungufu wa damu halafu tunashushia kila chakula na chai ya rangi, na chai inazuia chuma kuingia mwilini. Ikae mbali na chakula hata saa moja.

UkaYaMnazi

Nimeandika hayo maneno kwenye simu kama ulivyoyasema. Wallahi sijawahi kumwambia mtu hiyo ya mume mpaka leo

Nahodha_Shela

Dada mwambie. Mume ambaye hajui anadhani hatakiwi.

MamaWaFaza

Mi niko Faza, binti yangu ana miaka 14, anatapika kila mwezi mpaka anaregea, shule haendi. Nataka kumpeleka lakini naogopa mambo mawili. Nasikia wanapima kwa chini, na huyu ni mwari hajaolewa. Na nasikia wanapeana vidonge vya kupanga uzazi, sasa akionekana navyo hapa kisiwani si jina limekwisha?

DukaniMalindi

Mama, shukran kwa kuuliza maana hili linawafungia wasichana wengi majumbani. Msichana ambaye hajaolewa hapimwi kwa chini. Skani inapita juu ya tumbo, anakunywa maji kibofu kijae, basi. Wewe ingia naye na mwambie daktari mapema, hiyo ni haki yenu. Kwa umri wake na jinsi ulivosema, kwa kawaida wataanza na dawa ya maumivu kwa saa zake, na kwa miaka 14 kipimo kifuate uzito wake, si cha mtu mzima nilichoandika juu. Ikishindwa kwa miezi mitatu ndo huenda wakataja vidonge vya homoni. Vile vinafanya utando uwe mwembamba, utando mwembamba unatengeneza prostaglandini chache, maumivu yanapungua. Ni dawa ileile, kazi nyingine. Akiacha, uwezo wa kuzaa unarudi. Hayo ya jina huko kisiwani siwezi kukutatulia, lakini vidonge vinaweza kukaa kwenye kabati lako wewe, mwenye mume.

BibiWaMkomani

Mamake, mpeleke mtoto. Mwari anayetapika hadi kuregea si chango la kawaida hilo.

BintiWaLangoni

Nimejaribu kuuliza hapa swali la Ramadhani. Mtu akiwa hedhini si hafungi, basi dawa anameza mchana bila shida. Lakini wale wanaomeza za kuchelewesha damu ili wafunge yote thelathini, ni sawa?

DukaniMalindi

Zile ni norethisteroni, zinaanzwa siku tatu kabla ya damu. Kwa wengi hazina madhara ya muda mfupi, lakini mwenye historia ya damu kuganda, ini bovu, ama saratani ya matiti asiguse, na zinaandikwa na daktari, usipewe tu kwenye kaunta hata kama ni yangu. Na nyingine zinaleta matone matone mwezi mzima, ukajikuta huelewi uko wapi. Upande wa dini muulize ustadhi, mi niulize upande wa kidonge.

MamaWaFaza

Tumeamua wiki ijayo tunashuka Amu na boti ya asubuhi. Nimesoma mnaposema tarehe, nikaanza kumuandikia kwenye kalenda ya ukutani, siku anayoanza na siku anayotapika, ili daktari aone. Akanishika mkono, "mama usiandike hapo, baba atasoma."

MwalimuPwani_

Weka nukta tu mama. Moja ya kuanza, mbili za kutapika.

Nahodha_Shela

Msitumie kalamu nyekundu. Nyekundu tunajua.